Kiwanja cha Bei Nafuu

Wako wasemao kuwa asiye na nyumba achungulie pembeni mwa miji ya Mbeya na Iringa, autafute mtaa ambao lami na umeme viko njiani, anunue kabla wengine hawajaamka. Shauri hili lina utamu, lakini utamu wake ni wa mmoja.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianzishwa Iringa mwaka 2005. Uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa karibu na Mbeya mwaka 2012. Kazi hizo zilitendwa kwa fedha ya umma, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yanena kwamba ardhi yote ni ya umma. Basi kwa haki gani faida ya kupanda kwa bei iwe ya dalali na mlimbikaji? Mkulima aliuza shamba la viazi kwa eka. Mwanawe hurudi kununua kipande chake kwa miguu, 20 kwa 20, tena bila hati.

Dawa si kuwahi. Dawa ni halmashauri kupima ardhi kabla haijauzwa, na kumtanguliza asiye na nyumba. Mji ugawiwao kwa mbio huwaacha nje wenye watoto mgongoni.