MAONI: Guo Jing, mutoto muzito wa kufahamu, amepata rafiki Mikelenge

Mutoto wa dada yangu alipoanguka katika mutihani wa Serikali mara ya pili, hapa kwetu Mikelenge walimupa jina: Kichwa Ngumu. Yeye mwenyewe akaanza kuliitikia. Akaniambia: «Mjomba, masomo si yangu. Acha niende kwenye machimbo.» Sikuwa na hotuba ya kumupa. Nilikuwa na kitabu.

Ni kitabu kinene cha kung-fu, tafsiri ya Kifaransa ambayo rafiki aliniletea toka Kinshasa: hadisi ya shujaa muwinda tai. Mwandishi wake, Jin Yong, alikuwa mutu wa magazeti kule Hong Kong, na hadisi hiyo ilitoka gazetini kipande kwa kipande tangu 1957 mpaka 1959.

Wengi wetu Kindu tulijua kung-fu kupitia filamu, tukibanana ndani ya nyumba ya video, jenereta ikinguruma nje. Katika filamu kijana anapigwa, anafanya mazoezi dakika tano, kisha analipiza kisasi. Kitabu kinaonyesha kile filamu inachoruka: miaka.

Guo Jing anazaliwa baba yake akiwa amekwisha kuuawa. Mama anamulea mbali na kwao, kati ya Wamongoli. Musomaji wa Maniema hahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo. Walimu saba wanakuja kumufundisha, kila mumoja na ufundi wake, na mutoto hashiki kitu. Wanakasirika, wanakata tamaa, lakini hawamuachi. Kisha muzee Ma Yu anaona mambo hayo na kusema kwamba kosa si la mutoto peke yake: namna wanavyomufundisha si nzuri. Usiku anamupandisha juu ya mwamba na kumufundisha kupumua tu. Kupumua, kukaa, na kulala. Ndipo yule muzito anaanza kupata nguvu.

Nilisoma kurasa hizo mara mbili. Sisi tunawaita watoto wajinga kabla ya kujiuliza ni nani aliyewafundisha, namna gani, na walikuwa wangapi ndani ya darasa.

Halafu kuna urafiki. Guo Jing anakuta mutoto muchafu akifukuzwa hotelini kama mwizi. Anamukaribisha kula, anamupa koti lake, hata farasi wake. Kumbe ni musichana, Huang Rong, mwenye akili nyingi sana. Anapika vizuri hata fundi mukubwa Hong Qigong anakubali kumufundisha Guo Jing ili tu aendelee kula. (Sombe na samaki wa Lualaba vingefanya kazi ileile, naamini.)

Kasoro zipo. Watu wanaruka juu ya mapaa, na China ilivyo kubwa, maadui wanakutana kila mara katika hoteli moja! Na mutoto wa dada yangu anasema anayemupendeza ni Yang Kang, yule mwerevu aliyelelewa kitajiri na kuchagua utajiri huo. Tulibishana usiku mupaka simu zetu mbili, zilizokuwa taa yetu, zikazimika. Sikumushinda.

Juu ya mutihani bado hajaniambia neno. Machimboni hajaenda. Kitabu kimevuka muto kwa mutumbwi, kiko kwa rafiki yake wa Alunguli, ambaye anachelewa kukirudisha, na mimi nilikuwa nimebakiza kurasa sitini.