Mali bila daftari

Sange ni mji wa njiani. Katika tambarare ya Ruzizi, malori na magari ya abiria yapitayo kati ya Bukavu na Uvira husimama hapo, na wasafiri hutafuta fufu, sombe na samaki wa Tanganyika. Nyuma ya kila sahani yuko msichana aliyeamka kabla ya jua ili awashe makaa, na kijana aoshaye sufuria hata usiku. Twauliza: mwezi ukiisha, je, hao hupata haki yao?

Mara nyingi tajiri hujibu, “Ngoja wateja waongezeke.” Au, “Kila siku unakula kwangu, wadai nini tena?” Au, “Mkataba wako uko wapi?” Majibu hayo hayafuti deni. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yataka mkataba uandikwe. Lakini usipoandikwa, mfanyakazi aweza kuuthibitisha kwa ushahidi wa kila namna. Mshahara ni fedha, wala haupaswi kulimbikizwa mwezi juu ya mwezi. Tena kazi isizidi saa 45 kwa juma. Saa zinazozidi zina malipo yake.

Asiyelipwa afanyeje? Kwanza aseme na bwana wake kwa adabu. Asiposikilizwa, apeleke neno kwa Mkaguzi wa Kazi, ambaye huwaita wote wawili ili awapatanishe. Hatua hiyo hairukwi: mahakama haipokei shauri la mfanyakazi mmoja lisilopitia kwanza kwa mkaguzi. Mapatano yakishindikana, ndipo shauri liende mbele ya hakimu.

Lakini wengi hawajui kwamba dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja, kuhesabu tangu siku ulipostahili kulipwa. Avumiliaye miaka miwili, akitumaini kupewa yote pamoja, amekwisha kupoteza ya mwaka wa kwanza. Dai lililoandikwa mbele ya mkaguzi halifi hivyo. Basi tusichelewe, hasa katika nyakati hizi: Bukavu ilishikwa na M23 mwezi Februari 2025, na penye vita ofisi huwa mbali na watu.

Ninyi akina baba na mama, kabla binti yenu hajaingia mkahawani, mshahara utajwe mbele ya mashahidi. Mnunulieni daftari. Humo aandike siku aliyoanza, fedha waliyopatana, siku na saa alizofanya kazi, na kila faranga aliyopokea. Nanyi wenye mikahawa, andikeni vilevile na kutia sahihi. Daftari hiyo yawalinda hata ninyi na madai ya uongo.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho nalo ni mali.