Skoliti Hana Likizo: Tufanye Salongo ya Kahawa



Kule Ulaya kuna mdudu anayekula miti chini ya ganda. Baridi ikiingia anatulia, anangoja. Joto likipita digrii 16 hivi ndipo anaruka. Mwaka wa joto kali anazaa mara mbili ao tatu, na misitu inakauka.

Skoliti wa kahawa yetu ni wa ukoo mumoja naye. Ila hapa Kisangani hakuna baridi ya kumtuliza. Anaweza kuzaa kati ya digrii 15 na 32; kwetu ni karibu digrii 25 mwaka mzima. Kwa joto hilo, toka yai mpaka mdudu mkubwa ni kama mwezi mmoja tu. Jike anatoboa tunda kwenye kitovu, anataga ndani, watoto wanakula mbegu. Dume haruki, anapanda majike humohumo. Kila jike anayetoka tayari amepandwa.

Basi, kama joto halimzuii, nini itamzuia? Njaa. Mavuno yakiisha, anaishi ndani ya matunda meusi tuliyoacha juu ya mti na yale yaliyoanguka. Ndiyo maana mimi naona kazi ya kwanza si dawa. Dawa haimfikii ndani ya tunda, na inakula franka bure. Kazi ni kuokota.

Wengine watasema: "Matunda kidogo vile, na mchele wangu unaningoja?" Ni kweli, mikono ni michache. Lakini kahawa yenye matundu ni nyepesi kwenye kilo, na mnunuzi anakata bei. Tena ukisafisha peke yako na jirani akaacha, skoliti ataruka tu mpaka.

Kwa hiyo naomba kila ushirika uweke siku za salongo mara tu baada ya mavuno. Tupite shamba kwa shamba, tusisahau mashamba ya zamani yaliyoachwa porini, maana kule ndiko anakojificha. Pasipo mwenyewe, wakubwa wa kijiji watupe ruhusa ya kuokota ao kukata. Matunda yaliyookotwa tuyachemshe ao tuyachome. Kuyatupa pembeni ya shamba ni kumhamisha mdudu tu.

Salongo tunafanya kwa ajili ya barabara. Kahawa inayolipa masomo ya watoto, nayo inastahili.