Kuchelewa kumaliza chuo hakumzuii mtu kusoma sheria Marekani, kinachombana ni alama

Marekani hakuna kutoka sekondari ukaingia sheria moja kwa moja. Kwanza digrii ya chuo, ambayo kwenye makaratasi ni miaka minne, halafu miaka mitatu ya shule ya sheria. Swali linalowanyima wengi usingizi ni hili: aliyetumia miaka mitano au sita chuoni, atapokelewa?

Jibu fupi ni ndiyo. Kuchelewa huko si jambo la ajabu. Hata takwimu za serikali hupima wanaomaliza digrii ndani ya miaka sita, na wanaofanikiwa ni kama asilimia 64 tu.

Na shule za sheria zina hesabu zao. Kila mwaka zinatakiwa kutangaza matokeo ya mtihani wa LSAT na wastani wa alama za chuo, yaani GPA, za wanafunzi wapya. Namba hizo huchangia nafasi ya shule kwenye orodha za ubora. Muda ambao mtu alikaa chuoni hauna mahali kwenye hesabu hiyo.

Ishu inaanzia LSAC, taasisi inayokusanya maombi. Yenyewe huhesabu GPA upya kutoka vyuo vyote alivyopitia mwombaji, na husimama pale anapopata digrii ya kwanza. Ukifeli somo, ukalirudia na chuo kikafuta ile F kwenye wastani wake, LSAC kwa kawaida huhesabu zote mbili. Wengi hushtuka hapo, tena wakiwa wamechelewa.

Kwa hiyo mwaka wa ziada unaweza kusaidia, ila kabla ya kuhitimu tu. A za digrii ya pili haziingii kwenye GPA hiyo. Na msaada wenyewe una kikomo: mwenye krediti 120 na wastani wa 3.2 akiongeza krediti 30, zote A, anafika 3.36. Ni nafuu, si muujiza. Kwa mwenye LSAT ya chini, huenda muda huo ungelipa zaidi kwenye maandalizi ya mtihani.

Kamati zinasoma pia mwenendo. Aliyeanguka mwaka wa pili kisha akapanda anaeleweka, hasa akiambatisha maelezo mafupi: alikuwa akifanya kazi usiku, aliuguza mzazi, alibadilisha fani. Aya moja au mbili zinatosha. Kurasa tatu za kulalamika zinaharibu.

Waliosoma nje, mfano Nairobi au Dar es Salaam, hawapewi GPA ya LSAC. Rekodi zao hutathminiwa kwa maneno, kama "juu ya wastani" au "wastani".

Palipo na maumivu ya kweli ni mfukoni. Ruzuku ya Pell kwa wanafunzi wenye kipato kidogo ina ukomo wa mihula 12, hivyo anayepitiliza miaka sita ya masomo ya muda wote anajilipia. Juu ya hapo, kuanzia Julai 1, 2026, wakopaji wapya wa shule za sheria wamewekewa ukomo wa mkopo wa serikali: dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Ada ya baadhi ya shule kubwa inapita dola 70,000 kwa mwaka, kabla hata ya pango na chakula. Pengo hilo linajazwa na mkopo wa benki, na benki itataka kujua mwombaji ameshabeba deni kiasi gani kutoka chuoni.