SHAMBA BONDENI, NYUMBA JUU

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Anayejua asome kwa sauti, wengine wasikie.

Leo tunaandika tukiwa na hasira kidogo, mtuwie radhi. Juzi tumepita bondeni. Tumekuta watu wanachimba misingi palepale ambapo mto uliwatoa mwaka 1968 wazazi wao, na mwaka 2024 wao wenyewe. Alama ya tope bado iko kwenye mwembe, juu ya kichwa cha mtu mzima. Tukauliza: Ndugu, mmesahau? Mmoja akajibu, "Ile ilikuwa kudra ya Mungu, haijirudii." Wa pili akasema, "Siku hizi bwawa lipo." Wa tatu, kijana aliyerudi kutoka mjini, akatucheka: "Nitakata bima, wazee, wasiwasi wa nini?"

Majibu yote matatu tunayapinga hapa hadharani.

KWANZA, eti haijirudii. Sie tuliojifunza hesabu ukubwani kwenye madarasa ya kisomo tunaomba mhesabu pamoja nasi. Rufiji ilifurika vibaya mwaka 1968, hata mwaka 1969 Serikali ikawahamisha watu wa bondeni kuja huku juu. Ikafurika tena mwaka 1974. Zikaja mvua za Elninyo za mwaka 1997 na 1998. Ikaja 2020. Ikaja 2024. Hayo ni makubwa tu, madogo hatukuyataja. Mwenye kujenga nyumba ya tofali anataka wajukuu waikute. Je, katika miaka yote hiyo maji yatasahau njia? Anayerudi namna hii si mgeni, ndiye mwenye bonde. Wageni ni sie. Na Mungu tusimsingizie, yeye ndiye aliyetupa macho ya kuona tope kwenye mwembe.

PILI, eti bwawa lipo. Ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere lipo, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunaushukuru, na miaka mingine bwawa litapunguza nguvu ya maji. Lakini bwawa ni kama mtungi. Ukishajaa, kinachoingia lazima kitoke. Na mvua inayonyesha upande wetu, chini ya bwawa, haipiti bwawani. Mwaka 2024 bwawa si lilikuwepo? Maji hayakufika? Hatari tunayoiogopa zaidi ni hii: bonde likikaa miaka michache bila mafuriko, watu watasogea karibu na mto, hatua kwa hatua, na siku yakija yatawakuta wengi zaidi.

TATU, eti nitakata bima. Bima si jambo baya. Wanaosema ni ya watu wa mjini wanakosea. Bima ni mchango. Wengi wanatoa kidogo kidogo, na anayepatwa analipwa kutoka kwenye kapu hilo, kama tunavyochangiana kwenye misiba. Lakini fikirini: kama sote tuko bondeni, sote tutapatwa siku moja. Kapu gani litatosha? Ndiyo maana kampuni huuliza nyumba iko wapi na imejengwa kwa nini. Pakionekana ni pa maji kila mara, watakataa au watataka ada kubwa. Na mwenye nyumba ya miti, udongo na makuti atahangaika sana kupata wa kumpokea.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka bima asikimbilie kutia sahihi au dole gumba. Akae na anayejua kusoma, waulize haya:

(a) Neno "mafuriko" limeandikwa kwenye mkataba? Bima ya moto ni ya moto. Kama mafuriko hayakuandikwa, usitegemee fidia ya mafuriko.
(b) Nyumba imeandikwa kwa thamani yake kweli? Nyumba ya shilingi milioni 20 ukiiandikisha kwa milioni 10 ili upunguze ada, yakiharibika ya milioni 4 unaweza kulipwa milioni 2 tu.
(c) Sehemu gani ya hasara nitaibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa?
(d) Anayetuuzia ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima? Stakabadhi iko wapi?

Na ada ilipwe mapema. Ukingoja mpaka mto umevimba, umeshachelewa. Wala usidanganye mahali nyumba ilipo. Uongo huo ndio utakaokunyima fidia.

SASA NENO CHUNGU. Tusiwacheke waliorudi bondeni kana kwamba ni wajinga. Bibi mmoja alituambia, "Wanangu, mnaniambia nipande juu. Juu kwa nani?" Tulinyamaza. Ardhi ya juu imeshikwa na wachache. Baada ya mafuriko wapo waliopandisha bei ya viwanja, wakamuuzia jirani aliyetoka majini kama wanavyomuuzia tajiri. Huo ni unyonyaji, hauna jina lingine. Na sisi viongozi hatujitoi. Tuliona, tukakaa kimya. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, nasi tukaangalia watu wakijenga humo. Tena msidhani mita 61 ni pakavu. Bonde letu ni pana kuliko kipimo hicho.

Mafuriko hatuyachukii. Ndiyo yanayoleta rutuba ya mpunga na mahindi yetu. Tunasema kila kitu kikae mahali pake: shamba bondeni, dungu la kulindia shamba bondeni, lakini nyumba, watoto na mbegu viwe juu.

Kwenye mkutano mkuu wa ushirika tutaleta mambo manne, mje mtubishie:

1. Alama ya maji ya mwaka 2024 ipakwe rangi kwenye miti na kuta kijiji kizima. Chini ya alama asigawiwe mtu kiwanja.
2. Eneo la kijiji lililo juu lipimwe, na waliopoteza nyumba wapewe kwanza. Kuhama tusaidiane kwa ujima.
3. Ghala la ushirika likatiwe bima, mafuriko yakiwa yameandikwa, kabla ya masika. Ufuta wetu wote unalala humo.
4. Kwa kila kilo ya ufuta tuweke akiba kidogo ya maafa. Haitajenga nyumba za wote, tusidanganyane. Ni ya unga, maturubai na mitumbwi kwa siku za mwanzo, tusikae barabarani kungoja lori la msaada.

Anayepinga aje na hoja, asije na kudra. Na mwenye ardhi ya juu aje pia, tunamngoja.

Kazi kwenu, ndugu. Mto haungoji mkutano uahirishwe.

Katibu, kwa niaba ya wenzake