Mwenye Pumu Aione Chupa

Katika sherehe zetu nyingi hapa Muleba na Bukoba, sharubati ya dukani huchanganywa na maji kwenye ndoo nyuma ya nyumba, ikaletwa kwa wageni ndani ya jagi. Chupa hutupwa migombani. Kwa wengi si kitu. Kwa mwenye pumu ni jambo kubwa.

Baadhi ya sharubati, mvinyo na matunda makavu ya kiwandani hutiwa dawa ya kuhifadhi iitwayo salfaiti. Dawa hii huzuia vijidudu na kulinda rangi ya chakula. Watu wengi haiwadhuru, nami siwaambii wananchi waache kununua. Lakini salfaiti ikikutana na asidi hutoa hewa ya salfa, ile inayokereketa puani njiti ya kiberiti inapowashwa. Baadhi ya wenye pumu wakiivuta, njia zao za hewa hubana. Inakadiriwa kuwa ni wagonjwa 3 hadi 10 katika kila 100. Kifua kinaweza kubana baada ya dakika chache tu, nasi tukasingizia vumbi, au jirani mwenye husuda!

Mwaka 1986 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kutia salfaiti kwenye matunda na mboga za kuliwa mbichi, baada ya watu wenye pumu kufa kwa kula saladi zilizotiwa dawa hiyo mikahawani.

Kinga yetu ni lebo. Tafuta jina salfaiti, au namba yoyote kuanzia 220 hadi 228. Namba hazihitaji Kiingereza. Aliyepita darasa la kisomo anaziweza. Chupa isiyo na lebo isinunuliwe. Na mwenye sherehe aiweke chupa mezani, kando ya jagi. Mgeni akiomba kuisoma asionekane ana maringo.

Juisi ya ndizi tunayokamua wenyewe, kabla haijawa rubisi, haihitaji dawa hiyo ikinywewa siku ile ile. Hata dagaa wetu huhifadhiwa kwa jua tu.

Mgonjwa akibanwa, akae wima, asilazwe chali. Atumie dawa yake ya kuvuta, kisha apelekwe zahanati mara moja, hata kama ni usiku. Ichukueni na chupa aliyonywea, ili mganga aisome.