Padi za Mashindano Hazitufai Milimani

Najua mtanicheka kwamba mimi ambaye sina hata baiskeli naandika juu ya breki. Lakini sisi hapa si wa bweni. Kila siku ya masomo wengi wetu tunapanda na kushuka milima hii ndani ya Probox, tumebanana kama ndizi za kupelekwa soko la Daraja Mbili. Basi neno hili linatuhusu.

Muhula uliopita, Probox inayoendeshwa na amu yangu ilikataa kusimama. Tulikuwa tunateremka kutoka upande wa Keroka, nami nimekaa nyuma. Kwanza tukasikia harufu kali ya kuungua. Amu akakanyaga breki. Ikazama hadi chini bila kushika kitu. Akarudisha gia ya pili, akavuta hendibreki, akaliegemeza gari kwenye ukingo wenye majani ya nepia. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine tulitoka na vumbi tu. Mwenye gari alikuja akasema dereva ni mzembe, eti alipe. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia fundi anunue padi za bei ya chini kuliko zote dukani, na mafuta ya breki hayakuwa yamebadilishwa tangu gari linunuliwe!

Jioni ile steji ilijaa washauri. Vijana wakasema, "Amu, weka padi za mashindano, kama zile za Safari Rally!" Tangu rali hiyo irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, kila kijana kwetu amekuwa bingwa wa magari. Hapo mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Dereva anayekimbiza gari uwanjani hukanyaga breki kwa nguvu kila kona, diski zikapata joto la nyuzi mia kadhaa. Padi ya kawaida ikifika huko huanza kuteleza, kwa hiyo yeye huchagua inayovumilia moto. Sawa kabisa. Lakini padi nyingi za namna hiyo hazishiki vizuri zikiwa baridi. Lazima zipashwe moto kwanza. Sasa niambieni, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umetanda, mtoto anakatiza barabara pale Keumbu, amu atazipasha moto saa ngapi? Tena hula diski upesi, na kelele zake si haba.

Hata hivyo vijana wale hawakukosea yote. Dereva wa mashindano kabla ya kununua hujiuliza: breki zangu zitapata moto kiasi gani? Swali hilo wenye magari wetu hawajiulizi. Nilipiga hesabu kwa fizikia yetu ya darasani. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria, literemke mlima wenye kimo cha mita 200 bila kuongeza mwendo. Hiyo ni nishati ya jouli 3,000,000. Injini isiposaidia, karibu yote inaishia kwenye breki. Moto huo unatosha kuchemsha lita 9 hivi za maji ya bomba! Na unaingia kwenye vyuma viwili vya mbele visivyozidi sana kifuniko cha sufuria, pamoja na breki ndogo za nyuma.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Gari la milimani linunuliwe padi nzuri za barabarani, za kampuni inayojulikana, zinazoshika zikiwa baridi na kustahimili mteremko mrefu. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe, maana yakikaa sana hufyonza maji, maji yakachemka, mvuke ukaingia kwenye mabomba na kanyagio likazama kama siku ile. Dereva naye ateremke kwa gia ndogo. Na gharama ni ya mwenye gari, si ya dereva anayepeleka hesabu kila jioni.

Siku hizi nauliza kabla ya kupanda: "Padi zilibadilishwa lini?" Wengine hucheka. Mmoja alikasirika akaniteremsha na begi langu. Nilitembea, nikachelewa, mwalimu wa zamu akanipa sehemu ya nyasi nifyeke. Nilifyeka.